Nilikwenda Fukwe za Kigamboni na Mkasi Wangu

Tangu nirudi, kila anayeingia kibandani kwangu Mwenge ananiuliza habari za bichi. Mama Joshua wa kibanda cha pili kaniuliza mara mbili, na wote wawili tunajua kwamba habari za samaki na upepo nilizompa sizo alizozitaka. Basi naandika mara moja, mpeane, mkimaliza msiniulize tena. Nani aliitafuta nyumba na ilikodiwaje naruka, kwa sababu hata mimi sikushirikishwa, na wasiwasi wangu ulianzia hapo hapo.

Kwa asiyenijua, nashona mapazia. Naingia nyumba za watu na futikamba kupima madirisha, na anayepima madirisha huona mengi. Nimeshaonyeshwa chumba nikaambiwa ni stoo, kumbe ndani kuna kitanda kimetandikwa. Ndiyo maana sidanganyiki kirahisi, na mume wangu Shabani analijua hilo.

Miezi ya karibuni Shabani alikuwa akitoka kila Jumamosi asubuhi, eti kazi ya ziada, na kurudi jioni na mchanga kwenye viatu. Mchanga wa kwetu Gongo la Mboto una wekundu. Huo ulikuwa mweupe. Halafu vitambaa vyangu vikaanza kupungua. Mabaki ya mapazia, yale makubwa, huwa nayafungia nyumbani chini ya kitanda, na kila nikiinama nakuta fungu limepwaya. Mwanaume anayebeba vitambaa vya mapazia anavipeleka kwenye dirisha. Nilichotaka kujua ni dirisha la nani.

Nikiwa katika hali hiyo akaja wifi yangu Mwanahawa, dada mkubwa wa Shabani, mjane, mtu wa maneno machache. Akasema amepata nyumba ya kupumzikia ng'ambo ya Kigamboni, twende sisi wawili tu, tuzunguke fukwe ambazo watu hawazijui. Tangu niolewe wifi hajawahi kunialika hata harusini bila kutumwa. Nilikubali haraka kuliko alivyotegemea, nikatia mkasi wangu wa kazi kwenye begi.

Mkasi ule unahitaji maelezo. Cherehani utaazima popote, mkasi wa kitambaa hauazimwi, wala haukati kitu kingine. Shabani aliwahi kuufungulia bahasha, tukanuniana wiki nzima. Nikikuta nilichokuwa nakitafuta, sikuwa na nia ya kurudi Gongo la Mboto. Ningepitiliza kwa mama yangu Tabora, nianze upya, na wanangu wawili ningewafuata baadaye.

Gongo la Mboto hadi Feri

Asubuhi ya safari wifi alikuja na kikapu cha ukili kilichofunikwa, na kidumu kitupu cha maji. Akaniomba nikijaze bombani kwangu. Watoto walikuwa wamesimama pale pale, nikamwambia mkubwa achukue. Wifi akamnyang'anya kidumu, akanirudishia mimi.

"Jaza wewe mwenyewe, wifi," akasema.

Nikajaza, lakini akili ikawa inazunguka. Nani anabeba maji kwenda baharini? Nikamuuliza kama huko tuendako hakuna bomba, akasema lipo. Nikauliza basi haya ya nini, akasema ya safari. Shabani alitusindikiza mpaka barabarani, na nilimwona akimtazama dada yake kisha akitazama kile kidumu. Mwanaume ambaye huwa ananiagiza nisisahau chaja na dawa ya mbu, siku hiyo kimya.

Jirani mwenye gari alikuwa anakwenda mjini, akatubeba. Foleni ya Barabara ya Pugu siwasimulii, mnaijua. Niliutumia muda wote kunusa. Kile kikapu kilikuwa kinatoa harufu ya marashi ya mawaridi, na chini yake ubani. Nikajisemea, haya sasa, nimepelekwa kwa mganga na maji nimeyachota kwa mkono wangu.

Feri tulikuta pantoni moja tu ndiyo inafanya kazi. Watu walikuwa wamejaa mpaka nje ya geti, jua limeshapanda. Nilishauri tuzungukie darajani. Wifi akakataa, akasema watu wa ukoo wao siku zote huvuka kwa maji. Tukanunua mihogo ya kukaanga na vipande vya pweza vya kuchomwa kwa vijiti vya meno, tukala tumesimama. Pweza alikuwa laini na pilipili yake ya ukwaju sijawahi kuila mfano wake. Nilitamani nimchukie wifi vizuri zaidi, ila tumbo likawa upande wake.

Kwenye pantoni nikajitolea kumshikia kikapu apumzike. Akakihamishia mkono wa pili.

Nyumba yenye mapazia mafupi

Bajaji ilitupeleka mbali, ikapita Mjimwema, ikaacha lami, ikaingia njia ya mchanga iliyotuzamisha mara mbili. Nyumba ilikuwa nzuri, lazima niseme ukweli, ina baraza pana na minazi. Ila aliyeshona mapazia yake alipima dirisha akasahau upindo, yakaishia juu ya kizingiti. Niliyakagua yote, chumba kwa chumba. Hakikuwepo kitambaa changu hata kimoja.

Mwangalizi wa nyumba ni mwanamke kutoka Mbeya, anaitwa Neema, mchangamfu kupita kiasi. Alituonyesha jiko, akatuonyesha bafu, kisha akauliza kama wifi ni mama mkwe wangu. Wifi akajibu kwa heshima kwamba yeye ni wifi, akaingia kuswali. Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu. Nikafungua simu, nikamwonyesha Neema picha ya Shabani, nikamuuliza kama sura hiyo anaifahamu.

"Huyu braza? Mbona tunamjua," akasema. "Jumamosi huwa anapita kuazima sepetu. Jioni anairudisha imeoshwa safi. Kwani ni nani wako, sista?"

Nikamwambia ni mteja wangu. Nikakaa kwenye ngazi ya baraza. Sepetu maana yake anajenga. Hakumpangia chumba huyo mwanamke, anamjengea nyumba kabisa, na madirisha ya nyumba hiyo nimeyavisha mimi bila kujua. Nilisikia hasira, na chini ya hasira nilisikia aibu, kwa sababu hata huyu Neema wa Mbeya alikuwa anajua kuliko mimi.

Mchana tulikula wali wa nazi na samaki changu wa kupaka. Wifi alinichagulia kipande cha mkiani. Nilingoja yeye aanze kula kwanza, ndipo nikala.

Ufukwe wa kwanza

Ufukwe ulio karibu na nyumba una mchanga mweupe ule ule wa viatuni. Niliuchukua mkononi nikauangalia vizuri. Nyuma yake kuna nyumba chache zilizotawanyika, nami nilitembea nimeipa bahari kisogo, macho kwenye madirisha. Dirisha la kwanza lilikuwa na gazeti. La pili lilikuwa na kanga. Kwenye la tatu nikaona maua ya samawati, nikasogea mpaka uani kwa watu. Lilikuwa shuka. Mwenye nyumba akatoka kuniuliza natafuta nani, nikasema natafuta choo, na nikalazimika kuingia kweli.

Niliporudi nilimkuta wifi anaongea chini chini na mama muuza mihogo. Waliponiona wakanyamaza. Nikamuuliza wifi walichokuwa wanakiongea.

"Namuuliza kama njia ya kule mbele bado inapitika," akasema. "Anasema maji yamekula njia. Kwa mguu tu, maji yakishakupwa."

Nikauliza kule mbele kuna nini. Akasema ni ufukwe tu, haujulikani na watu. Kisha akaketi mchangani, akaweka kikapu mapajani, tukaanza kusubiri maji yapungue. Tulisubiri sana. Yeye ana uvumilivu wa watu wa pwani na mimi sina, nikawa natembea huku na huko mpaka nikapata malengelenge. Mara mbili nilitaka kumuuliza waziwazi, wifi, mdogo wako ana mke mwingine? Mara zote mbili nilijizuia. Nilitaka nishike ushahidi kwanza, maana mtu ukimuuliza kabla hujashika kitu unampa muda wa kutunga.

Kwenye miamba

Maji yalipokupwa yaliacha miamba mirefu yenye vidimbwi, ikabidi tuvue viatu. Wifi alibeba kikapu, mimi nikapewa kidumu. Nilipotaka kukimwaga nipunguze uzito, alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

Tulitembea mpaka minazi ya nyumba yetu ikapotea nyuma. Mbele tukamwona mwanamke mtu mzima, kanga kaifunga kiunoni, anachokonoa tundu la mwamba kwa kijiti kirefu. Akavuta pweza, akampiga mwambani kwa mkono uliozoea. Wifi alimwamkia shikamoo huku ameinama kabisa. Nami nikamwamkia. Akaitikia bila haraka, akanitazama kuanzia miguuni mpaka kwenye ushungi, kama mimi ninavyotazama dirisha la mteja.

"Huyu ndiye bi mdogo?" akamuuliza wifi.

Wifi akaitikia kwa kichwa.

Jamani, wenye waume zenu mtanielewa. Hakuna bi mdogo pasipo bi mkubwa. Nilikuwa nikimtafuta hawara au kimada, kumbe kwa watu hawa nyongeza ni mimi. Niliolewa Tabora kwa mahari, kwa wazee na kwa pilau ya mtaa mzima, kumbe nimekuja juu ya mwingine. Nilikishikilia kile kidumu kwa mikono miwili.

Yule mama, Bi Tatu jina lake, akauliza mimi ni mtu wa wapi. Wifi akamwambia ni Mnyamwezi. Bi Tatu akacheka kidogo.

"Ndiyo maana kabebeshwa mzigo. Mtani wangu, njoo huku, usiteleze."

Siku nyingine ningemrudishia utani wake hapo hapo, maana Mzaramo na Mnyamwezi hawakosi la kuambiana. Siku hiyo nilimfuata huku naitafuta kwa macho nyumba ya bi mkubwa, na nilishaandaa maneno ya kumwambia, yote mabaya.

Ufukwe usio na jina

Tulipozunguka pua ya mwamba nikaona kaghuba kadogo, mchanga safi, hakuna banda wala boti. Kama mngeniuliza habari za bichi tu, ningewaambia ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona. Nyuma yake kulikuwa na kingo ya udongo iliyomegwa na maji, mizizi ya minazi inaning'inia. Nyumba haikuwepo. Dirisha halikuwepo.

Kilichokuwepo ni viroba vya mchanga, vimepangwa safu juu ya safu mbele ya ile kingo. Na viroba vile vilikuwa vitambaa vyangu. Maua ya samawati niliyomkatia mwalimu wa Ukonga. Mistari ya dhahabu ya yule bwana wa Kinondoni aliyebadilisha mawazo. Kitambaa kizito cha kuzuia jua, chote, kile nilichodhani kimeliwa na panya. Vilikuwa vimeshonwa kwa mkono, mishono mipana iliyokwenda upogo, na baadhi vilikuwa vimeanza kufumuka na kumwaga mchanga.

Juu ya kingo, hatua chache kutoka ukingoni, palikuwa na kaburi. Majani yalikuwa yamelifunika mpaka jiwe la kichwani halionekani vizuri.

Wifi aliweka kikapu chini. Aliongea bila kunitazama. Shabani aliwahi kuoa kabla yangu, akasema. Mke aliitwa Saada, binti wa huyu Bi Tatu. Alifariki katika kujifungua, na mtoto naye akafariki, wamelala hapa pamoja. Makaburi mengine ya ukoo bahari imeshayachukua. Bi Tatu hataki lifukuliwe, kwa hiyo Shabani amekuwa akija kuziba.

Nilimuuliza kwa nini sikuambiwa miaka yote hii.

"Mama yako alituuliza siku ya posa," akasema. "Alisema binti yake haolewi na mgane, mkosi utamfuata. Shabani alitaka kusema. Mie nikamkanyaga mguu, nikajibu kijana hajawahi kuoa. Uongo ni wangu, wifi. Yeye alinyamaza tu, na kadiri siku zilivyokwenda ikawa ngumu zaidi."

"Na leo mmenileta kwa uongo mwingine."

"Ningekwambia nyumbani ungekuja?"

Nisingekuja. Alikuwa anasema kweli, na hilo likaniongezea hasira. Nikawaacha, nikashuka mpaka maji yalipo, nikakaa. Nilimlilia nani, sijui. Nilikuwa nimejiandaa kupigana na mwanamke aliye hai, mwenye nyumba na mapazia. Huyu hana hata dirisha, na bado niliona wivu, nasema wazi, kwa sababu mume wangu alikuwa amekaa akashona. Shabani! Mtu ambaye kifungo cha shati kikikatika ananingojea mimi nirudi kutoka Mwenge.

Niligeuka nikaangalia vile viroba, nikatafuta uongo mwingine ndani yake. Mimi ni mtu wa kutafuta. Nilihesabu vitambaa vilivyopotea kichwani, nikaviona pale kimoja kimoja. Hakuna kilichokwenda kwingine.

Bi Tatu akaja akasimama karibu yangu, pweza bado anamning'inia mkononi. Akaniambia desturi yao. Mke anayefuata humwagia maji aliyemtangulia, maji ya nyumba anayokaa, aliyoyachota kwa mkono wake mwenyewe. Anajitaja jina, anamtaka radhi, basi, wanakuwa wenza waliopatana. Hili langu lilichelewa.

"Sikulazimishi," akasema. "Ila maji yanarudi, na mwezi ujao sijui kama mwanangu atakuwepo hapa."

Nilipanda juu. Wifi alikuwa ameshatoa marashi, ubani na miche ya mrehani kutoka kwenye kile kikapu nilichokiogopa, naye anajaribu kung'oa majani kwa mikono. Yalikuwa magumu, yenye miiba midogo, vidole vimeshaanza kutoka damu. Hakuna aliyekumbuka panga.

Nilifungua begi nikatoa mkasi. Wifi ameshakaa nami miaka, anajua mkasi ule ni kitu gani. Akaniambia niache, watamwita mtu kesho. Nilipiga magoti nikaanza kukata, kuanzia miguuni kwenda kichwani, na kila shina nililolikata nililisikia likiharibu makali. Nilikata mpaka jiwe likaonekana lote. Kisha nikafungua kidumu, nikamwaga maji taratibu, nikasema, "Mimi ni Zuhura. Naishi kwa Shabani. Nisamehe, sikujua kama upo." Bi Tatu alikuwa nyuma yangu, nikamsikia anavuta pumzi. Tulisoma Fatiha, wifi akapanda mrehani, tukaondoka maji yakiwa magotini.

Kurudi kwa daraja

Jioni ile Bi Tatu alitupikia yule pweza kwa nazi, na safari hii sikungoja mtu aonje kwanza. Asubuhi Neema alipokuja kuniaga aliniuliza kama nimempata mteja wangu. Nikamwambia nimempata, ila alikuwa na kazi nyingi kuliko nilivyodhani.

Wifi alitaka tena pantoni. Nikamwambia watu wenu mmeshavuka vya kutosha, leo tunapita darajani. Sijamsamehe yote, na nimemwambia. Akasema anajua. Lakini kikapu nilikibeba mimi, na hakukataa.

Shabani alikuwa mlangoni na watoto. Alinipokea begi, na macho yake yalikuwa ya mtu anayesubiri hukumu. Niliweka mkasi mezani. Akauchukua, akaufungua, akaona makali yalivyoliwa na ule ukijani uliokauka kwenye bawaba. Akakaa kwenye kiti.

"Umekatia nini?" akauliza, sauti ikiwa ndogo.

"Majani. Kwa mwenzangu."

Akafunika uso kwa mikono miwili. Watoto walikuwa wanatutazama, nikawatuma nje. Nilimwacha amalize, kwa sababu nadhani hakuwahi kupata nafasi ya kulia ndani ya nyumba hii. Alipotulia nikavuta lile fungu chini ya kitanda, nikachagua vitambaa vizito vilivyobaki, nikavitandaza mbele yake.

"Viroba ulivyoshona vinafumuka," nikamwambia. "Jumamosi tunakwenda wote. Nashona mimi."